Studio Nne, Akaunti Moja

Nyuma ya mahakama ya Cumilla, pale kichochoro cha wapiga picha kinapoanzia, Mokhles ameweka jiko lake la chai na mabenchi mawili yanayotazamana. Ukikaa hapo mwezi mzima unapewa jina, na likishakushika hata mkeo atalitumia. Motaleb tunamwita Waziri, kwa sababu anaongea kama mtu aliyetoka kikaoni sasa hivi. Khorshed ni Tai, maana kila anayepiga picha ya pasipoti kwake hutoka amevaa koti na tai shingoni, hata kama aliingia na msuli na ndala. Mimi ni Wembe, kwa kuwa naweza kumtoa bibi harusi kwenye ukuta wenye ukungu nikampeleka bustanini bila kumpunguza unywele hata mmoja. Na Mzee Bidhan Saha ni Mzee Giza, tangu enzi za kuosha filamu kwenye chumba cheusi, ingawa siku hizi kumi na tatu hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, kwa sababu amefiwa na mkewe.

Studio zetu ni nne, lakini programu ya kuhariri picha ni moja, na mwenye akaunti ni Waziri. Kulipa kampuni ya ng'ambo kunataka kadi yenye dola, na benki haikupi dola mpaka iziandike kwenye pasipoti yako. Sisi tuliopiga picha za pasipoti za nusu ya wilaya hatuna pasipoti. Anayo Waziri peke yake, aliyewahi kumenya vitunguu hotelini Oman miaka mitatu. Kabla yake tuliishi kwa zile siku saba za kujaribu bure. Kila Jumamosi tulifungua barua pepe mpya, tukamaliza majina ya wake, ya watoto na ya wakwe, mpaka Tai akamsajili mbuzi wake kwa jina na ukoo. Majina yalipoisha tukakubali kulipa, ila kwa ujanja. Waziri alijiandikisha kama mwanafunzi, maana mwanafunzi hulipa nusu bei. Ana miaka hamsini na minane na ndevu za hina.

Programu yenyewe inakubali kompyuta mbili tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayetaka kuingia hutoa kichwa mlangoni akapaza sauti, "Nani yumo?" Aliyemaliza humjibu, "Natoka!" Wageni wanaokuja mahakamani hudhani kichochoro kizima tuna choo kimoja. Na pamoja na programu huja ghala la kuwekea picha mtandaoni, nalo tulilitumia wote. Likijaa, kampuni inakuandikia kwa wekundu kwamba ulipie ghala kubwa zaidi. Sisi hatukulipia. Aliyeuona wekundu alifuta vitu vyake, maisha yakaendelea.

Nimtaje Mama Sandhya, mke wa Mzee Bidhan, maana habari yote hii ni yake. Kabla ya programu, programu yetu ilikuwa yeye. Alikaa dirishani na brashi nyembamba na penseli aliyoichonga kwa kipande cha kioo, akafuta chunusi za watu, akaziba makovu ya ndui, akawapaka rangi midomoni maharusi wa picha nyeusi na nyeupe. Alizifanyia hivyo studio zote za kichochoro, na hakuna aliyewahi kumlipa ada ya mwezi. Akiona kijana anaharibu picha, alimwita dirishani akamwonyesha. Huu mkono wangu unaosifiwa, yeye ndiye aliyeufundisha.

Na Mzee Bidhan alikuwa na desturi yake. Mkanda wa filamu ukibaki nafasi moja, naye anataka kwenda kuuosha, hakungoja mteja. Alimwita mkewe asimame mlangoni, akampiga, mkanda ukaisha. Miaka thelathini na nane, mwisho wa kila mkanda ni Sandhya mlangoni, na mkono una rangi. Filamu zilipoanza kuota ukungu, mzee alikaa vipupwe viwili akiziskani moja moja, na zile za mwisho akaziweka zote kwenye folda moja katika ghala letu. Kisha akaiuza mikanda kwa mfanyabiashara wa Dhaka anayeichemsha kutoa madini ya fedha yaliyomo. Tuliomshauri auze ni sisi. Waziri alimwambia kitu kikishaingia mtandaoni hakiibiwi, hakilowi, hakiliwi na mchwa. Nyumbani kwake albamu ilikwisha kuliwa na mchwa kweli, na picha ya harusi ukutani imebaki kivuli tu. Mganga hajigangi.

Sasa nilichokifanya mimi. Nakisema hapa kwa sababu benchini sikukisema. Msimu wa harusi ulipoanza nilikuwa na harusi tatu kwa wiki moja, na ghala likaniandikia wekundu. Vya kwangu vyote vilikuwa vya wateja ambao hawajachukua. Nikatafuta kisicholeta riziki, nikalikuta folda la Mzee Bidhan, picha mia nane na kitu za mwanamke mmoja kwenye mlango mmoja. Nilimtambua vizuri sana. Nikajiambia huyu mzee naye ana mambo, mke yuko nyumbani anamwona kila siku, ya nini kumweka mtandaoni mara mia nane? Nikafuta. Nikapaza sauti "Natoka!", nikaenda benchini kunywa chai, na Mzee Bidhan ndiye aliyeninunulia biskuti siku hiyo. Siku kumi na tisa baadaye Mama Sandhya alianguka jikoni, asiamke.

Siku ya tatu ya msiba mzee alikwenda kwa Waziri kuchagua picha. Siku ya kumi na tatu kwao Wahindu ni siku ya kumwombea marehemu. Picha yake huwekwa mbele ya watu ikavishwa shada la maua, na kila anayeingia huinama mbele yake kwanza. Folda halikuwemo. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni mwa Waziri. Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la kampuni siku thelathini kabla ya kumwagwa kabisa, na hilo nililijua. Ningeweza kusema palepale, mzee wangu nisamehe, nimefuta mimi, ngoja nirudishe, na kazi ingekuwa ya dakika moja. Niliona aibu. Nikapanga kuirudisha asubuhi kimyakimya, adhani mtandao ulikosea. Asubuhi tukakuta akaunti imefungwa. Kampuni ilikuwa inataka kuona kitambulisho cha shule cha Waziri.

Tai alimtengenezea kimoja kwa programu ya bure ya simuni. Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza. Akamvika tai, akamfuta mikunjo, ndevu akazitia weusi. Kampuni haikukawia kujibu kwamba akaunti haitafunguka mpaka ilipiwe bei kamili. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, siku nane mfululizo, wa nani kachukua picha za mzee na namna gani tufungue bila kulipa.

Juzi alasiri, kwa hesabu yangu, ilikuwa siku ya thelathini. Mzee Bidhan alikuja miguu mitupu, amejifunga kitambaa cheupe kisichoshonwa, mkeka wake mdogo kwapani. Hana mtoto wa kiume, kwa hiyo moto wa kuuchoma mwili aliuwasha yeye na masharti yote ya msiba yamemwangukia. Wali anaupika mwenyewe mara moja kwa siku, na chai ya Mokhles haigusi. Alitandika mkeka juu ya benchi akakaa.

— Nimepita kuuliza tu kama imefunguka.

— Bado kidogo, kaka, alisema Waziri. Tuko hatua za mwisho.

— Kesho kutwa watu wanakuja.

— Tunajua, kaka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa ameleta kitambulisho cha taifa cha mkewe, kwa kuwa ndiyo picha pekee aliyobaki nayo. Akatupa tukiangalie. Kwenye vitambulisho vile kila raia anaonekana amekamatwa na kuku wa jirani, na Mama Sandhya naye hakusalimika. Taa ilimpiga usoni, jicho moja limefumba nusu, mdomo umekunjwa kama anabishana na aliyempiga. Tai alikirudisha kwa mikono miwili.

Waziri akaeleza mpango wa siku hiyo, ambao ulikuwa mpango wa jana yake uliotiwa maji. Tujifanye tuko Argentina. Kule, alisema, kampuni inatoza robo ya bei kwa sababu pesa yao haina nguvu, na mtandao hauwezi kujua umekaa wapi ukiudanganya vizuri.

— Na kadi yako je? Tai akamuuliza. Kadi inasema Cumilla.

— Kadi haisemi. Kadi ni plastiki.

— Benki inasema.

— Benki tutaiambia nimesafiri.

— Kwenda Argentina? Wewe uliyeogopa ndege ya kurudi kutoka Oman ukasoma dua mpaka mhudumu akakuhamisha kiti?

Mokhles akacheka, chai ikamwagika motoni. Tai alikuwa na njia yake. Kuna jamaa karibu na stesheni anayeuza programu ya wizi kwenye diski, haitaki akaunti wala kadi. Tukamkumbusha mwaka jana. Ile diski ilizigeuza nyuso zote kuwa za zambarau, na bwana harusi mmoja wa Chandina akatoka kwenye albamu kama bilinganya. Ukoo wake ulikuja na fimbo. Tai akasema hiyo ilikuwa diski ya zamani, siku hizi wezi wamesoma.

— Na hata ikifanya kazi, nilisema, haitafungua ghala. Picha za mzee ziko ghalani.

Nikanywa chai kuuficha uso. Nilikuwa nataka wafikie wenyewe pale nilipokuwa siwezi kuwapeleka bila kujianika. Nikasema, taratibu, kwamba labda safari hii tungelipa tu.

— Kulipa? Waziri alinigeukia. Bei kamili? Mwaka mzima?

— Tukichanga.

— Wembe, harusi tatu zimekutia kizunguzungu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndiyo nasema tuchange.

— Hukunielewa. Haba ni zetu, kibaba ni chao. Leo tukiwalipa bei kamili, kesho watajua kumbe hawa wanazo. Ndiyo mwisho wa unafuu katika kichochoro hiki.

Tai alimuunga mkono. Alisema yeye tangu azaliwe hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote isipokuwa sanda ya baba yake, na hata ile anajuta. Ningeweza kubishana. Nilikuwa na hela ya harusi moja mfukoni, ingetosha. Lakini mtu akitoa hela yake mwenyewe ghafla kwa jambo la mwenzake, watu wanauliza kwa nini. Sikutaka waulize.

Mzee Bidhan alikuwa anasikiliza, mikono magotini.

— Mimi kuna kitu kimoja sikielewi, alisema. Siku ile kwa Waziri nilitazama. Mafolda mengine yote yalikuwemo. Maandamano yalikuwemo, mafuriko, harusi za watu, hata ng'ombe wa maonyesho. Lililokosekana ni lile moja.

Hili swali lilikuwa limetuzunguka siku nane, na kila mtu alikuwa na jibu lake, ila mzee hakuwahi kuliuliza mwenyewe.

— Kirusi, alisema Tai. Kuna virusi vinavyokula kwa mpangilio. Vinaanza na lenye jina fupi.

— Folda lake lina jina fupi?

— Sijui. Lakini kirusi kinajua.

— Acheni utoto, Waziri akasema. Kaka Bidhan, nikuambie ukweli hata kama unauma. Kampuni imezichukua. Fikiria mwenyewe, uso mmoja, mlango mmoja, miaka thelathini na nane, kutoka bibi harusi mpaka bibi. Hakuna kitu kama hicho duniani. Wanaifundishia mashine yao namna mtu anavyozeeka. Ndiyo maana wakafunga akaunti siku ya pili yake, tusifuatilie. Wewe hukuibiwa, kaka. Wewe umechangia sayansi.

— Bila kuniuliza?

— Kwani sayansi inauliza? Penye wengi hapaharibiki neno.

Methali hiyo ilikuwa inatafuta pa kukaa tangu asubuhi. Na mimi, badala ya kunyamaza angalau, nikasema nimesikia studio moja ya Feni ilifanyiwa hivyohivyo. Hakuna studio ya Feni. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka mdomoni nzima nzima, ikiwa na jina la mwenyewe na idadi ya picha, na Waziri akanipiga begani kwa furaha.

— Umesikia, kaka? Si sisi peke yetu.

Mzee alinitazama, akauliza kama huyo wa Feni alizipata mwishowe.

— Hakuzipata, nilisema.

Naichukia siku ile kwa mambo mengi, lakini kwa hilo zaidi. Angalau ningemwongopea kwamba alizipata.

Mokhles ni mtu mwema asiyejua kupima neno. Aliinama kuchochea jiko, akasema kwao, upande wa mto Gumti, wanaamini marehemu mwingine hupitia vitu vyake kabla ya kuondoka. Huenda basi, alisema, mwenyewe ndiye aliyezifuata.

Nilitegemea mzee akasirike. Hakukasirika.

— Angeniaga, alisema. Sandhya hajawahi kutoka nje bila kuniambia anakwenda wapi. Hata dukani kununua chumvi.

Tai aligeuza uso upande wa mahakama. Waziri akaanza kutafuta tambuu yake kwenye mifuko ambayo alishaikagua. Mimi nakumbuka nilijiambia, sema sasa, siku ya mwisho ni leo, mkilipa kabla ya jua kuzama zinapatikana, atakutukana, atakutemea mate, lakini zitapatikana. Nikaweka glasi chini. Nikasafisha koo.

— Mzee, nilisema.

Akanigeukia. Na hapo hapo akasimama, kwa sababu binti yake alikuwa anaingia kichochoroni na begi.

Kakoli aliolewa Chattogram miaka kumi na moja iliyopita, na huko anafanya kazi kwenye ofisi ya meli. Alikuja mazishini akarudi kuomba ruhusa, sasa amekuja kwa shughuli ya siku ya kumi na tatu. Alimgusa baba yake miguu, akatusalimia mmoja mmoja kwa heshima, baba mdogo, baba mdogo, mpaka kwangu mimi, ambaye hanijui sana kwa kuwa nilifungua studio baada ya yeye kuondoka. Nilimpisha nafasi yangu, nikabaki nimesimama. Alikaa akiangalia kwa baba yake, mgongo ukielekea maduka yetu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Waziri. Mokhles, chai ya rangi.

— Asante, baba mdogo, sitakunywa. Baba hanywi.

Alitoa simu kwenye pochi. Alikuwa mtulivu, utulivu wa mtu aliyekwisha kulia kwenye basi akamaliza.

— Ile akaunti nimeifungua, alisema.

Tai akauliza ameifunguaje, naye akasema kwa kulipa. Baba yake alimpa neno la siri kwa simu usiku wa jana yake, na asubuhi, kabla basi halijafika Feni, alilipa kwa kadi yake.

— Mwaka mzima? Waziri aliuliza.

— Mwezi mmoja.

— Kwani wanauza mwezi mmoja?

— Wanauza, baba mdogo. Imeandikwa hapohapo juu.

Akataja bei. Sitaitaja. Ilikuwa pungufu ya chai na biskuti tulizomaliza hapo kwa siku nane za kutafuta unafuu. Waziri aliikuta tambuu yake, akaishika mkononi bila kuitia kinywani.

Mzee Bidhan alikuwa bado amesimama.

— Zimo? alimuuliza binti yake.

— Kaa, baba.

Akakaa juu ya mkeka wake. Kakoli akamwelezea polepole, kwa maneno ambayo hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta angeelewa. Picha hazikuliwa na kirusi wala kuibiwa na kampuni. Zilifutwa kwa mkono. Zilikaa kwenye pipa siku thelathini, na siku ya kufuta yenyewe kampuni inaihesabu. Pipa lilimwagwa jana yake, saa tisa alasiri. Ameandika kuwaomba, wamemjibu kwamba kikishamwagwa hakirudi.

Jana yake saa tisa alasiri tulikuwa palepale benchini. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndio wakati Waziri alipoitaja Argentina mara ya kwanza, na mimi nikasema wazo si baya.

Mzee hakulia. Alikunja ncha ya kitambaa chake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwangalia, nikashika nguzo ya banda la Mokhles. Niliwaza mambo mengi ya kipumbavu. Niliwaza kwamba siku moja tu. Niliwaza kwamba kama angelipa jana. Nilifika mpaka kumlaumu yeye, binti wa watu, kwa kuchelewa, Mungu anisamehe.

Kakoli alikuwa anasoma kitu kwenye simu, amekunja uso.

— Lakini wanaweka kumbukumbu, alisema. Kila kilichofutwa wanaandika siku, saa, na jina la kompyuta iliyofuta. Hizi hazimwagwi.

Akainua macho, akatutazama sote kwa zamu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Baba zangu, Mayabi ni studio ya nani?

Kibao changu kipo hatua kumi nyuma ya mgongo wake, herufi nyekundu zenye ukubwa wa mkono wa mtu. Mayabi Studio, harusi, pasipoti, picha za zamani hufanywa mpya. Alikuwa hajageuka tu. Tai alitazama ndani ya glasi yake iliyokwisha. Waziri alikuwa anatazama kidole chake. Mokhles alijifanya jiko limezimika. Kichochoro kizima kinajua Mayabi ni ya nani. Watoto wa shule wanajua.

Mzee Bidhan alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama mteja kabla ya kubonyeza, na sijui alikuwa amejua tangu lini.

— Studio hiyo ilishafungwa, mwanangu, alimjibu binti yake. Mwenye nayo aliondoka.

Akainuka. Akakunja mkeka, akauweka kwapani, akamshika binti yake mkono akampitisha upande wa pili, wasipite mbele ya kibao changu. Nilitaka kumwita. Nikawaona wakikata kona ya mahakama, yeye na miguu yake mitupu, anakwepa maganda ya karanga.

Tulikaa. Mokhles alizoa glasi akaziosha mara mbili. Wa kwanza kusema alikuwa Tai, na alisema bila kunitazama.

— Mayabi zipo nyingi. Ni jina la kawaida.

— Kawaida sana, Waziri akasema. Dhaka pekee lazima ziko kumi. Ishirini. Mtu yeyote anaweza kuipa kompyuta yake jina hilo.

Wakaningoja. Nikawaambia ni kweli, zipo nyingi.